Meneja wa Bidhaa au Meneja wa Soko? Kijana Wenu Akiitwa Mahojiano ya Kazi



Katika vikundi tunavyovitembelea, siku hizi mkutano hauishi kabla mama mmoja hajatuvuta kando na kutuonyesha simu yake. Mtoto ameitwa mahojiano ya kazi Nairobi, na mama anataka kujua hiyo kazi ni ya kufanya nini. Miaka ya nyuma barua hizo zilikuwa za ualimu, uuguzi au ukarani, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Sasa kuna majina mapya, na mawili yanawachanganya watu kwa sababu yanafanana kama mapacha. Moja ni prodakti meneja. Lingine ni prodakti maketingi meneja. Katika ukurasa huu tutamwita wa kwanza meneja wa bidhaa, na wa pili meneja wa soko la bidhaa, ili tuelewane.

Pengine utauliza, mambo ya maofisi ya Nairobi yanahusu nini kikundi cha kufuga kuku au kuweka mizinga? Yanahusu sana. Karo ya hao vijana ilitoka kwa hao kuku na hiyo mizinga. Tena kazi hizi mbili tayari mnazifanya katika miradi yenu, ila hamjazipa majina. Kijana anayelijua hilo huingia katika chumba cha mahojiano akiwa na kitu cha kusema.

Binti aliyerudi mikono mitupu

Tulianza kulichukua jambo hili kwa uzito baada ya binti wa kikundi kimoja cha wafugaji nyuki kurudi nyumbani bila kazi. Ana diploma ya biashara. Alikuwa amekaa miaka miwili akikanyaga lami, bahasha mkononi. Alipoitwa na kampuni moja kwa kazi ya meneja wa bidhaa, wanachama walichanga nauli na pesa ya viatu baada ya Misa ya Jumapili. Si pesa nyingi kwa mtu wa mjini, lakini kuna mama aliyeuza jogoo ili atoe sehemu yake.

Kampuni hiyo ilikuwa na programu ya simu ya kuwasaidia wenye maduka kuandika madeni ya wateja. Wahojaji wakamwuliza: "Wenye maduka wanajiandikisha kwa wingi, lakini baada ya wiki mbili wanaacha kuitumia. Wewe ungefanya nini?" Binti akajibu bila kusita. Angeweka matangazo kwa redio, mabango sokoni, fulana kwa vijana wa bodaboda, na bei ya zawadi kwa watu mia moja wa kwanza. Alituambia alizungumza vizuri, hata mmoja wao akatabasamu. Kisha wakamwuliza, "Na wakija wengi zaidi, wakaacha wengi zaidi?" Hapo akanyamaza.

Alipotusimulia haya tulikuwa tumekaa chini ya mwembe na wanachama watano au sita. Mweka hazina wao, mama aliyeishia darasa la saba, akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "mbona hukuwauliza hao watu wanaacha kwa nini? Si ndivyo tulivyofanya na asali?"

Jibu la yule mama ndilo ambalo wahojaji walikuwa wanalingoja. Binti alikuwa amejibu vizuri kabisa, ila alijibu swali la kazi nyingine. Wamiliki wa mtungi uliotoboka walitaka mtu wa kutafuta tundu, yeye akawaahidi kuleta maji mengi zaidi.

Mambo ya asali

Turudi kwa asali, maana inafundisha kuliko vitabu. Msimu mmoja wa baridi, mwezi wa Julai, chupa za kikundi hicho ziliganda madukani. Wanunuzi wakazirudisha wakisema, ati imechanganywa na sukari. Mwenye duka akakataa kuchukua nyingine. Kila mfugaji nyuki anajua asali halisi huganda ikipata baridi, kwa sababu sukari yake ya asili inashikana kuwa chembe chembe. Si uchafu wala udanganyifu. Lakini mnunuzi hajui.

Katika kamati kukawa na pande mbili. Upande mmoja ulisema asali ni nzuri, watu waelezwe tu. Upande mwingine ulisema mteja akilalamika kuna jambo, tumwendee. Ilibidi wafanye yote mawili. Waliokwenda kuuliza waligundua kwamba kilichowakasirisha wanunuzi zaidi si kule kuganda. Asali ilikuwa kwenye chupa za shingo nyembamba zilizookotwa na kuoshwa, kwa hiyo ikiganda hata kijiko hakiingii. Basi mkebe ukabadilishwa, wakanunua wa mdomo mpana. Wakakubaliana pia kuvuna masega yaliyofunikwa na nyuki peke yake, maana asali mbichi ina maji mengi, na maji yakizidi asilimia 20 huanza kuchacha. Hilo sasa ni kuharibika kweli, si kuganda.

Upande wa pili wakaandika karatasi ndogo ya kubandika kwenye mkebe, kueleza kwamba asali halisi huganda wakati wa baridi, na kwamba ukiuweka mkebe katika maji ya vuguvugu itayeyuka. Wakampelekea mwenye duka mikebe miwili, mmoja umeganda na mwingine umeyeyushwa, aiweke pamoja kwenye meza ili naye apate la kuwaambia wateja.

Tatizo lilikuwa moja, na majibu yakawa mawili. Yule aliyeuliza, kisha akabadilisha mkebe na uvunaji, alifanya kazi ya meneja wa bidhaa. Yule aliyeandika karatasi na kumfundisha mwenye duka alifanya kazi ya meneja wa soko la bidhaa. Wa kwanza anajiuliza: kitu hiki kiwe vipi, na kwa nini? Wa pili anajiuliza: nani akijue, na tumwambie nini ili akitake?

Waswahili wana methali, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa Kenya nao wana msemo wao, biashara ni matangazo. Vijana wengi huenda kwenye mahojiano wakiamini mmoja wa misemo hii na kuusahau mwingine. Anayeamini wa kwanza peke yake atamwambia mhojaji wa soko kwamba kitu kikiwa kizuri watu watakuja wenyewe. Haji mtu. Asali ile ilikuwa njema na ilirudishwa. Anayeamini wa pili peke yake ni kama binti yetu.

Kwa nini zinafanana

Kazi hizi zilizaliwa kwa mama mmoja, na mama huyo alikuwa sabuni. Mwaka 1931, katika mji wa Cincinnati, Marekani, kijana aitwaye Neil McElroy alikuwa akishughulikia matangazo ya sabuni ya Camay katika kampuni ya Procter & Gamble. Camay ilikuwa inafunikwa na sabuni nyingine ya kampuni hiyo hiyo, Ivory. McElroy akaandika waraka wa kurasa tatu akitaka kila sabuni iwe na mtu wake wa kuifuatilia: inauzwa wapi, imekwama wapi, irekebishwe nini. (Mtu huyu baadaye, kuanzia 1957 hadi 1959, alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, kwa hiyo msidharau kazi ya sabuni.)

Mtu wa sabuni alibeba mizigo yote miwili. Kampuni za kompyuta zilipokua, kutengeneza kitu kulikuwa kugumu kiasi kwamba mtu mmoja hakuweza kushinda na mafundi na bado apate nafasi ya kushinda na wanunuzi. Ndipo kazi ikagawanywa. Kampuni ndogo nyingi bado hazijaigawa sawasawa, na huandika jina moja kwenye tangazo huku zikitaka jingine.

Mfano ulio mfukoni mwenu

Tukitaka kuona kazi zote mbili zikifanywa vizuri, tusiende mbali. Mwaka 2005 M-Pesa ilianza kujaribiwa Nairobi na Thika, na wakati huo haikukusudiwa kuwa ya kutumiana pesa. Vodafone ya Uingereza na Safaricom, wakishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya, walitaka watu wa vikundi, vikundi kama vyenu hivi, wapokee mikopo na kulipa kwa simu bila kubeba noti. Wateja wa majaribio hawakufika 500.

Waliosimamia majaribio wakafanya jambo la maana, wakaangalia watu wanaitumiaje. Wakaona vituko. Mtu anaweka pesa kwa wakala hapa, anapanda gari, anazitoa kule anakokwenda, ili asibebe pesa njiani. Mwenye biashara anaweka mauzo ya jioni kwenye simu kwa vile benki imeshafungwa. Watu wanatumiana wao kwa wao. Upande wa mikopo nao ulikuwa na ugumu, maana hesabu za vikundi hazikukaa vizuri pamoja na mtambo. Basi ilipozinduliwa nchi nzima mwezi Machi 2007, mkopo ulikuwa umewekwa kando. Kilichobaki kilikuwa chepesi: weka, tuma, toa, nunua muda wa maongezi. Mkopo ulirudi mwaka 2012 kwa jina la M-Shwari.

Kuangalia, kuchagua na kupunguza namna hiyo ndiyo kazi ya meneja wa bidhaa. Na sisi tunaofanya kazi ya miradi tunajua kupunguza kunavyouma, hasa kama kitu chenyewe ndicho kilicholeta mfadhili.

Sasa upande wa soko. Hapo mbele yako una kitu ambacho Wakenya hawajawahi kukiona. Ungeweza kuwaeleza mitambo, namba za siri na usalama, nao wangesinzia. Tangazo lilisema maneno matatu tu ya Kiingereza, ambayo kwetu ni tuma pesa nyumbani. Hakuna mfanyakazi wa mjini ambaye hakuelewa. Alikuwa na mama kijijini anayengoja kitu mwisho wa mwezi, na alikuwa amezoea kumkabidhi mtu wa basi bahasha, kisha alale akiomba ifike. Kabla mwaka kwisha wateja walizidi milioni moja.

Hatusemi waliofanya kazi hizo walikuwa na vyeo kama hivi tunavyovitaja. Tunasema kijana akiweza kueleza hadithi hii akionyesha wapi kazi moja inaishia na nyingine inaanzia, tayari ameelewa kuliko wengi watakaokaa naye kwenye foleni ya kuitwa.

Kusoma tangazo la kazi

Msiangalie jina la cheo peke yake. Angalieni vitenzi. Tangazo likisema utachunguza mahitaji ya watumiaji, utapanga kipi kitengenezwe kwanza, utafanya kazi na mafundi au wahandisi, hiyo ni bidhaa. Likisema utaandaa ujumbe, utapanga uzinduzi, utawapa wauzaji vifaa na maneno, utafuatilia washindani, hilo ni soko. Vitenzi vikichanganyika, kijana anapopigiwa simu ya kuitwa ana haki ya kuuliza kwa heshima: "Samahani, katika kazi hii ni nani huamua kitakachotengenezwa baadaye? Na ni nani huamua tutakavyokitangaza?" Mtu hafukuzwi kwa swali kama hilo. Kinyume chake, wanaona amefikiri.

Kampuni yenyewe pia ijulikane kabla ya siku. Kijana atumie bidhaa yao. Kama ni programu, aiweke kwenye simu aitumie wiki nzima. Kama ni unga, aupike. Aulize wenye duka watatu unavyouzwa. Kijana anayefika akiwa amesoma tu maneno mazuri ya kampuni kuhusu yenyewe hana tofauti na asiyesoma.

Maswali wanayouliza

Kwa kazi ya bidhaa, swali la kawaida ni hili: taja kitu unachokipenda kukitumia, kisha utuambie ungekibadilisha vipi. Wengi hukimbilia mabadiliko. Hilo ni kosa. Kwanza sema kinatumiwa na nani. Tuchukue jiko la makaa la bati lenye udongo ndani. Udongo unashika joto, makaa yanapungua, kila mtu analipenda. Lakini mama anayeishi chumba cha kukodi, anayehamahama, anataka jiko jepesi lisilovunjika udongo njiani. Mwenye hoteli ya chai anataka kubwa lisilozimika mpaka saa nane. Ukibadilisha jiko bila kusema unambadilishia nani, umepiga kelele tu. Baada ya kumtaja mtu, taja shida yake kubwa, halafu njia mbili tatu za kuiondoa, halafu uchague moja na useme umeacha nini na kwa nini.

Swali la namna ya binti yetu nalo haliachwi: kitu fulani kimeshuka, fanya nini? Anza kwa kuuliza. Kimeshuka lini? Kwa watu wote au kwa wale wa sehemu moja? Kuna kilichobadilishwa wiki hiyo, bei, sura, au wakala amehama? Wahojaji hawatarajii ujue jibu. Wanataka kuona ukitafuta tundu la mtungi kabla ya kushika udongo wa kuziba.

Liko jingine linalowashinda hata wenye digrii: utawafanyaje mafundi wafanye unachotaka na wewe si mkubwa wao? Maana meneja wa bidhaa mara nyingi hana mtu anayemwandikia barua ya onyo. Hapa watoto wa vikundi wana utajiri ambao hawaujui. Katibu wa kikundi cha kujisaidia hana mshahara wa kumkata mtu. Anawaleta watu kazini kwa kueleza, kusikiliza, kuonyesha hesabu, na kumtuma yule ambaye mkaidi anamheshimu. Kijana aliyewahi kuwa katibu wa vijana wa parokia akaweza kuwafikisha watu thelathini kuchimba mtaro siku ya mvua, aseme hivyo!

Kwa kazi ya soko, watakwambia: tueleze bidhaa hii kwa dakika moja kama vile sisi hatuijui. Watakuuliza mteja wako wa kwanza ni nani. Jibu la "kila mtu" ndilo baya kuliko yote. Hata asali, ambayo kila mtu anaweza kula, haiuzwi kwa kila mtu kwa maneno yale yale: mama mwenye mtoto anayekohoa ana sababu yake, mwenye hoteli ana yake. Watauliza kuhusu washindani, na hapo usitukane mwenzako. Sema mshindani ni mzuri kwa watu gani, halafu useme wenu ni bora kwa nani. Watauliza utasaidiaje wauzaji, na ile mikebe miwili juu ya meza ya mwenye duka ni jibu la kutosha kabisa. Na mwisho watauliza utajuaje kama uzinduzi umefaulu. Usiseme "watu walifurahi". Sema wangapi waliulizia, wangapi walinunua, wangapi walirudi kununua mara ya pili.

Bei inaweza kuulizwa na pande zote mbili, kwa hiyo kijana ajue hesabu yake: gharama, faida ya mwenye duka, na mshindani anauzaje.

Mara nyingine kabla ya mahojiano hutoa kazi ya kuandika nyumbani. Kwa soko huwa ni mpango wa uzinduzi. Kwa bidhaa huwa ni tatizo la kuchambua. Kurasa mbili zilizonyooka zinashinda kumi.

"Sisi" na "mimi"

Kuna jambo moja la malezi yetu linalowagharimu vijana, nasi tunalisema tukijua kwamba hata ukurasa huu tumeuandika kwa "sisi". Watoto wetu wamefundishwa vizuri kutojisifu. Ukiwauliza wamefanya nini, watasema tulipanda, tulivuna, tuliuza. Wahojaji wanasikia "sisi" nyingi, halafu wanaandika kwamba huyu hakufanya lolote. Kusema "mimi ndiye niliyewauliza wenye maduka kumi na nikaandika majibu" si kiburi kama ni kweli. Ataje kikundi kwanza, halafu ataje mkono wake ndani ya kikundi: hali ilikuwaje, yeye alipewa nini, alifanya nini, kikatokea nini. Na awe na namba. Daftari la mweka hazina lina namba zote. Afungue, ahesabu mikebe iliyotoka, iliyouzwa, iliyorudishwa, aandike. Asibuni hata moja, maana swali la pili litamfichua.

Na akiulizwa kosa alilowahi kufanya, asijibu ati kosa langu ni kufanya kazi kupita kiasi. Wameshalisikia hilo mara elfu.

Kikundi kinaweza kufanya nini

Kuchanga nauli ni vizuri, lakini kuna mchango mwingine usiogharimu shilingi. Mwekeni kijana mazoezini. Viti vitatu mbele: mwenyekiti, mweka hazina, na mtu asiyemjua kijana vizuri. Mama mzazi asikae kwenye kiti hicho. Atamwonea huruma, au atamwonea aibu, na vyote viwili vinaharibu. Chagueni bidhaa ya kikundi chenu wenyewe, muulize swali moja mara mbili: mara ya kwanza ajibu kama mtu wa bidhaa, mara ya pili kama mtu wa soko. Dakika mbili kwa saa, mtu mmoja ashike saa. Mkisikia majibu mawili yanafanana, hajaelewa bado.

Anzeni kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani, ingawa mahojiano yenyewe yatakuwa kwa Kiingereza. Fikira ikishanyooka, mwiteni mwalimu mmoja wa shule iliyo karibu amsikilize kwa Kiingereza jioni mbili tatu. Tumeona vijana wanaoanza na Kiingereza wakikariri maneno makubwa yasiyo na kitu ndani.

Siku hizi mahojiano ya kwanza mara nyingi hufanywa kwa simu ya picha. Kijana atafute mahali penye mtandao wa kuaminika na palipo kimya, hata ofisi ya parokia akiomba mapema, na anunue bando la kutosha. Mbuzi akilia nyuma si dhambi, lakini simu ikikatika mara tatu wanachoka. Na yeyote atakayewaambia tuma pesa kidogo ya fomu, au ya daktari, au ya kupanga foleni, ndipo uitwe, huyo ni mwizi. Fungeni simu.

Ninyi mkiwa wahojaji

Yule binti alipofanyiwa mazoezi, kitu kingine kikatokea ambacho hatukukipanga. Kamati ilikuwa inataka kuajiri mtu mmoja, na walikuwa wameandika tangazo la "meneja wa asali". Baada ya kusikia maswali haya wakaulizana: tunataka mtu wa kukaa na mizinga na mikebe, au mtu wa kukaa na maduka? Hawakuwa na pesa ya wawili. Wakahesabu, wakaona asali inayorudishwa imekwisha, bali ile inayobaki stoo ni nyingi. Kumbe shida ilikuwa soko. Tangazo likaandikwa upya.

Siku ya mahojiano yao tulikaa nao. Aliingia msichana mmoja, na kabla hajakaa sawasawa mjumbe akamwuliza kama ameolewa na kama anatarajia kujifungua hivi karibuni. Tuliwakatiza hapo hapo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtu katika kuajiri kwa sababu ya jinsia, ujauzito, kabila, dini, ulemavu au hali ya ukimwi, na kikundi kinachoajiri nacho ni mwajiri. Mjumbe alinuna kidogo, halafu akauliza jambo la maana: "Mwenye duka anasema asali yetu ni ghali kuliko ile ya supamaketi. Utamwambia nini?" Msichana akaomba kwanza aonje.

Binti wetu wa kwanza, yeye, ameitwa tena na ofisi nyingine, safari hii kwa kazi ya soko. Alifika akiwa ameuliza kabla ni kazi ipi, na akiwa na mikebe miwili kwenye mkoba. Majibu hajapata bado. Nauli ya safari hii alijilipia mwenyewe kutokana na asali aliyouza.

Kikundi kinachotaka mazoezi kama haya kipeleke jina la kijana na nakala ya tangazo la kazi kwa katekista wenu angalau wiki moja kabla ya siku ya mahojiano. Tukiletewa jana yake hatuwezi kusaidia, na imetokea mara nyingi.